Tunzo na Ujira

Kila mtu wa pwani anaijua methali isemayo kwamba mcheza kwao hutunzwa. Tumeisikia harusini, tumeisikia katika taarab, na wengi wetu tumeitumia kumtia moyo kijana anayeanza kughani mashairi yake mbele ya watu wa mtaani kwake. Nami niliipenda tangu utotoni, hasa kwa kuwa neno lake la mwisho lina maana mbili. Kutunza ni kumpa zawadi aliyefanya vyema, na kutunza ni kukilinda kitu kisiharibike. Nilidhani maana hizo mbili haziachani. Mwaka 2025, nikiwa nimepiga magoti mbele ya sanduku la shangazi yangu, nilitambua kwamba zinaweza kuachana, na kwamba mimi mwenyewe nimekuwa miongoni mwa walioziachanisha.

Shangazi, dada yake marehemu baba, alikuwa mpakaji hina hapa Unguja, mtaa wa Kikwajuni. Aliianza kazi hiyo kabla sijazaliwa, akaiacha macho yake yalipoingia ukungu. Majani ya mhina aliyakausha kivulini, akayatwanga, akauchekecha unga kwa kitambaa chepesi, kisha akauchanganya na maji ya ndimu, chai ya rangi iliyokolea na matone machache ya mafuta ya karafuu. Bakuli lililala limefunikwa usiku kucha. Kesho yake, baada ya sala ya alasiri, aliketi mkekani na bibi harusi, akaanza kuchora kwa kijiti maua na majani kuanzia ncha za vidole.

Kazi hiyo ina subira ya pande mbili. Anayepakwa hawezi kujikuna wala kushika tonge. Hulishwa kama mtoto. Anayepaka naye hawezi kuunyoosha mgongo, kwani mstari ukikatika huonekana. Hina inapobanduliwa, rangi yake huwa ya chungwa, na asiyejua hudhani ameharibiwa. Hukolea siku ya pili na ya tatu, viganjani na nyayoni zaidi kuliko mahali pengine. Kwa hiyo mwenye kazi huondoka kabla uzuri wa kazi yake haujatimia. Anayemtunza humtunza kwa imani.

Shangazi hakuwa na bei. Akiulizwa atapewa kiasi gani, alijibu, "Mtakachojaaliwa." Alichojaaliwa aghalabu kilikuwa doti ya kanga, sahani ya biriani iliyofunikwa kawa, na noti iliyokunjwa mara nne. Noti hiyo ilikuwa na adabu yake. Mama wa bibi harusi hakuitoa mbele ya watu. Alimpa shangazi mkono wa kuagana, na noti ikapita kutoka kiganja hadi kiganja pasi na jicho kuiona wala mdomo kuitaja.

Katika taarab mambo ni kinyume. Mtunzaji huinuka, huiinua noti juu ya kichwa chake, huijongelea jukwaa kwa madaha, na huhakikisha kwamba aliyekusudiwa na ubeti ule ameiona noti. Tunzo ya mwimbaji ni kauli inayotolewa hadharani, ilhali tunzo ya mpakaji hina ni siri, kwa sababu yeye ameketi na mwari saa nyingi, ameona mikono inayotetemeka, na pengine amesikia yasiyosemwa kwa mama. Marehemu Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, alijulikana duniani kwa sauti yake na ngoma zake, lakini hapa kisiwani alijulikana pia kwa kutengeneza wanja na kuwapaka hina maharusi. Mkono wake, basi, ulizijua tunzo za namna zote mbili.

Waswahili ni mafundi wa kuzipa zawadi majina. Tunao mkaja wa mama wa bibi harusi, tunacho kilemba cha fundi aliyemfunza kazi mwanagenzi, tunacho kifungua mlango, kiosha miguu na kipa mkono. Tunayo bakhshishi, neno lililotoka Uajemi, ambako kitenzi chake cha asili hubeba maana ya kutoa na maana ya kusamehe. Nimeyapekua majina hayo yote, na sikumbuki hata moja lililowekwa lisimame mahali pa ujira. Kila moja huja juu ya haki iliyokwisha kutolewa, au kando yake. Dini yetu nayo imetuhimiza tumlipe mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Haikusema tumsifu mpaka jasho likauke.

Hata hivyo, hivyo ndivyo tulivyofanya. Niliolewa mwaka 1996. Katika harusi ile mpishi alilipwa, mshonaji alilipwa, mwenye viti alilipwa, na mpiga picha za video alilipwa nusu ya fedha zake kabla hajawasha mashine. Shangazi alinipaka hina tangu alasiri hadi baada ya saa sita za usiku, mikono hadi viwikoni na miguu hadi nusu ya miundi. Nilipomuuliza mama tumlipe kiasi gani, alinishangaa.

"Huyu ni shangazi yako," aliniambia. "Hatumlipi. Tutamtunza."

Nikaridhika. Tukampa doti ya kanga na bahasha yenye noti chache, nami nikambusu mkono nikijiona mtoto mwenye adabu. Binamu zangu walioolewa baadaye walifanya vivyo hivyo. Tulikuwa wengi, na kila mmoja alikuwa kwao.

Jambo moja sikuliona wakati ule. Asiye na ujira huishi kwa kupendeza, na anayeishi kwa kupendeza ni vigumu kwake kukataa. Maharusi wengi walianza kutaka piko, ile rangi nyeusi ya nywele, kwa kuwa hukolea papo hapo na huonekana vizuri pichani. Shangazi aliukataa mchanganyiko huo tangu alipouona mkono wa mwari mmoja umetoka malengelenge pale pale penye maua. Leo inajulikana kwamba ndani ya rangi hizo mna kemikali iitwayo PPD, inayoweza kuunguza ngozi na kuacha alama. Yeye alijua kwa macho tu. Waliokataliwa piko walikwenda kwingine, na bahasha zao zikaenda nao. Laiti angalikuwa na bei inayojulikana na kuheshimiwa, ukweli wake usingalimgharimu kiasi kile.

Bintiye, ambaye ni binamu yangu, alijifunza kijiti kwa mama yake, na sasa anaishi Toronto, ambako huwapaka hina maharusi wa Kiswahili, wa Kisomali na wa Kihindi. Jirani ya chumba chake cha kazi kuna duka la wachoraji wa michoro ya kudumu, ile inayoingizwa ndani ya ngozi kwa sindano. Dini yetu inaikataza michoro hiyo, naye hakuketi kwenye kiti chao. Lakini mafundi wakiwa jirani huulizana habari za kazi. Siku moja alinipigia simu kunieleza aliyoyasikia, na mazungumzo yetu yalikuwa marefu.

Kule, alisema, mteja hutanguliza amana ili awekewe siku yake, na amana hiyo hukatwa katika bei. Bei hutajwa kabla sindano haijagusa ngozi. Kazi ikiisha, mteja hulipa bei, kisha humwongezea mchoraji bakhshishi, ambayo kwa desturi ni asilimia 15 hadi 20. Huiongeza akijua kwamba bei yote haiingii mfukoni mwa mchoraji. Mara nyingi duka huchukua asilimia 40 au 50, au humtoza kodi ya kiti. Lililonigusa zaidi ni adabu ya marafiki. Rafiki akipunguziwa bei, hutarajiwa aikadirie bakhshishi yake kwa bei kamili, si kwa ile iliyopunguzwa. Undugu kule humwongezea mtu wajibu.

"Na kwetu je?" binamu aliniuliza. Sikuwa na la kumjibu.

Sisemi kwamba desturi yao haina dosari. Zawadi inayopimwa kwa asilimia hukaribia kuwa kodi, na mtoaji anayeogopa kutazamwa vibaya huwa hatoi kwa moyo. Ile noti yetu iliyokunjwa mara nne ina upole ambao hesabu haiwezi kuufikia. Lakini upole huo una thamani pale tu ambapo aliyepewa angeweza kwenda nyumbani na haki yake hata kama asingepewa.

Katikati ya mwaka 2025 ilibidi shangazi apasuliwe mtoto wa jicho. Alituma nimtafutie kitambulisho chake sandukuni. Chini ya nguo zake nilikuta doti za kanga, nyingi, hazijakatwa wala kupindwa, na juu yake bahasha zilizofungwa pamoja kwa uzi. Niliutambua mwandiko wa mama juu ya moja. Ilikuwa bahasha ya harusi yangu. Ndani yake mlikuwa na noti zile zile za mwaka 1996.

"Mbona hukuzitumia, shangazi?"

"Za watu nilizitumia, mwanangu. Nilinunulia unga na sukari. Hizo ni zenu."

"Zetu vipi?"

"Zilizotoka kwenu. Nyinyi hamkunilipa, mlinipa. Sasa mtu akipewa na wanawe, huenda nazo dukani?" Alinyamaza kidogo. "Si bado zinatumika?"

Benki Kuu ya Tanzania ilikuwa imetangaza kuziondoa noti za matoleo ya zamani, ya mwaka 1985 hadi 2003, na muda wa kuzibadilisha ulianza tarehe 6 Januari 2025, ukamalizika tarehe 5 Aprili. Tulikuwa tumechelewa. Nilizigeuza zile noti mkononi, nikashukuru kwa muda mfupi kwamba hakuweza kuuona uso wangu, kisha nikaona aibu kwa shukrani hiyo. Nikamwambia ukweli.

"Basi zirudishe," alisema. "Sikuziweka kwa ajili ya duka."

Fedha za upasuaji tulizichanga sisi, watoto wa kaka zake. Katika kuchangishana kwetu tuliandika kwamba ni msaada kwa shangazi. Kila nilipolisoma neno hilo lilinichoma. Tulikuwa tukimrudishia sehemu ya jasho lake, jasho lililokauka miaka mingi nyuma, na tukaliita jina la sadaka. Yeye akatuombea dua mmoja mmoja kwa majina yetu, kana kwamba sisi ndio tuliotoa.

Harusi ya binti yangu ilifuata baada ya miezi michache. Aliyekuja kumpaka hina alikuwa msichana wa mtaani kwetu, ambaye mama yake na mimi tumenyonya titi moja. Nilipomuuliza bei, aliinamisha kichwa na kusema, "Mtakachojaaliwa, mama." Nikamwambia sitaki jibu hilo, anitajie bei anayowatajia watu asiowajua. Aliitaja kwa sauti ndogo. Sikupunguza hata shilingi, wala sikungoja apake mkono mmoja ndipo nianze mazungumzo mengine. Nilimhesabia fedha zake zote mezani kabla bakuli halijafunuliwa, na mdogo wake aliyekuja kumsaidia nikamhesabia zake kando.

Alipomaliza usiku na kunawa mikono, nilimsindikiza hadi mlangoni, nikampa mkono wa kuagana, na noti iliyokunjwa ikapita kiganjani mwake. Hatukusema neno.

Shangazi alikuwa ameketi na bibi harusi, akikigeuza kiganja chake kwenye mwanga wa taa na kukitazama kwa lile jicho lililopona. Aliposikia mlango umefungwa aliniuliza bila kuinua kichwa.

"Umempa?"

"Nimemlipa, shangazi."

"Nimekuuliza, umempa?"

"Nimemlipa, kisha nimempa."

Akaufuata mstari mmoja wa hina kwa ncha ya kidole, pasi na kuugusa, tangu kifundo cha mkono hadi kwenye kidole cha pete.

"Haukukatika," alisema.