Mayai ya Nyuma ya Friji

Mjukuu wa dada yangu, kijana wa kidato cha tatu pale Sakina, Arusha, anajua kwa ufasaha namna ya kutotolesha mayai ya mjusi mwenye madoa ya chui. Amejifunza kwenye simu: mayai mawili yenye ganda laini, boksi lenye unyevu kidogo, joto la nyuzi 26 ukitaka majike, 32 hivi ukitaka madume wawe wengi. Yote sahihi. Lakini mjusi huyo kwao ni Pakistani na Afghanistani, na jioni moja kijana alishika ufagio akamwangusha mjusi wa ukutani jikoni kwa mama yake. Nilimuuliza kama anajua huyu naye hutaga wapi. "Babu, huyu si mdudu tu?" akanijibu.

Mimi nililijua hilo Ngarenaro, dukani kwa mzee mmoja aliyeuza mafuta ya taa, sabuni ya mche, ugoro na sembe, na harufu za vyote hivyo zilikuwa zimeingia mpaka kwenye mbao za kaunta. Ukimwamkia aliitikia bila kuinua macho kutoka kwenye mizani. Alikuwa na friji la mafuta ya taa. Dada yangu anasema lilikuja kabla ya vita vya Kagera, mimi nasema baada. Tukatoa picha yake ya kipaimara, 1981, iliyopigwa mlangoni pa duka, na friji linaonekana nyuma ya bega lake. Picha haikuamua. Basi, yaishe.

Friji lile liliwaka kwa utambi chini, na mgongoni lilikuwa na bomba la moshi. Huko nyuma kulikuwa na joto usiku na mchana. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai inayoshuka kutoka Meru haina huruma. Mijusi waliijua nafasi ile. Walitaga humo mayai mawili mawili, meupe, magumu, madogo kama punje ya mahindi.

Mzee alipotaka kulisogeza friji afagie, alianza na mayai. Alitoa penseli sikioni, akatia nukta juu ya kila yai kabla ya kuligusa kwa mkono, kisha akayainua moja moja na kuyalaza ndani ya kopo la Kimbo lenye mchanga mkavu, nukta ikiangalia juu. Bibi zetu nao waliandika mayai ya kuku kwa mkaa, lakini wao walitaka kuyatofautisha na yale ambayo kuku mwingine angekuja kuongeza. Ya mzee ilikuwa sababu nyingine. "La kuku lazima ligeuzwe," alituambia. "La huyu ukiligeuza umeua." Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba ndivyo ilivyo: kiinitete cha mjusi hujishika mapema upande wa juu wa yai, na likipinduliwa huweza kufa humohumo.

Kopo lilirudi nyuma ya friji. Baada ya miezi miwili hivi alituita. Kitoto cha mjusi kilichotoka hakikufika urefu wa kidole cha mtoto, ngozi nyembamba kiasi cha kuona kivuli cha tumbo. Alikiinulia kopo hadi kwenye boriti kikapanda chenyewe. Mende na nondo dukani kwake hawakukaa.

Umeme ulipoenea friji likauzwa. Kisha ikaja miaka ya wanunuzi wa wanyama hai, na vijana wa vijiji vya chini ya Meru wakaingia msituni kutafuta vinyonga. Yule wa pembe tatu hatagi, huzaa watoto hai. Ukimchukua jike mwenye mimba umechukua na uzao wake wote. Kule Kimboza, Morogoro, waliangusha mikadi ili kumpata mjusi mdogo wa buluu asiyepatikana porini nje ya misitu ya eneo hilo. Mwaka 2016 mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ulimweka kwenye orodha ya ulinzi wa juu kabisa, na mwaka huohuo serikali yetu ikazuia kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi. Mwaka 2022 mlango ulitaka kufunguliwa tena kwa miezi sita, kelele zikapigwa, ukafungwa. Nilifurahi.

Duka limevunjwa. Hapo pana ghorofa la vioo, na kila mwezi mtu anapita na pampu mgongoni kupulizia dawa ya mende. Inaniudhi kuona watu wanalipa fedha kwa kazi ambayo mijusi waliifanya bure, na watoto wao wanajua nyuzi joto za mjusi wa ng'ambo huku wa kwao wakimfagia.

Ukihamisha kabati ukakuta mayai mawili meupe, yaache. Ikibidi kuyaondoa, tia nukta ya penseli juu, uyaweke penye joto vilevile yalivyokuwa, na umwonyeshe mtoto wa nyumbani.