Mji Mkongwe: Chagua Mtaa Kwanza, Chumba Baadaye

Kuna ugomvi wa wapenzi unaoanzia chumbani, na wala sio kwa hayo unayoyawaza wewe. Ni kwa sababu ya chumba chenyewe. Dirisha halipo, feni haizunguki, na aliyekichagua amekaa ukingoni mwa kitanda anajifanya anasoma meseji. Mimi na mume wangu tulifika hapo Desemba 2009, siku ya pili ya hanimuni yetu, Zanzibar.

Tulitoka nyumbani Ubungo Kibangu asubuhi na mapema, tukaganda kwenye foleni ya mataa ya Ubungo, tukawahi boti kwa mbinde. Baada ya kama saa mbili baharini tukashuka bandarini Malindi, na bwana harusi wangu akasema kwa kujiamini, "Gesti iko hapa hapa mama, hata teksi hatuhitaji."

Sasa wewe mtu wa Ubungo, niambie. Enzi hizo stendi kuu ya mikoani ilikuwa bado kwetu, kabla haijahamia Mbezi Luis mwaka 2021, na sote tulijua gesti za kuzunguka stendi ni za nani. Ni za mtu anayeamka saa tisa usiku kuwahi basi la Mwanza. Hakuna bwana harusi wa Ubungo anayempeleka bibi harusi wake gesti ya stendi. Lakini mtu akivuka maji, akili inabaki Dar.

Kulikuwa na balaa jingine. Umeme wa Unguja unaotoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari ulikuwa umekatika mwezi huo huo, na haukurudi hadi Machi 2010. Hoteli zenye uwezo zilikuwa zinaunguruma jenereta usiku kucha. Ya kwetu ilikuwa na mshumaa, na joto la Desemba mnalijua. Siku ya tatu tukarudi Dar bila kusemeshana, kila mtu anatazama dirisha lake la boti. Ndoa ilikuwa na umri wa siku sita.

Nasimulia haya kwa sababu Desemba 2024 tulirudi, miaka kumi na tano baadaye, Junior na mdogo wake tumewaacha kwa bibi yao Makuburi. Safari hii nilimwambia Baba Junior mapema: chumba nachagua mimi. Ila nilianza na mtaa.

Mji Mkongwe ni mdogo, unaweza kuuvuka kwa miguu huku unakula ubuyu na ubuyu usiishe. Hata hivyo mitaa yake haifanani, na ukilala Shangani hujalala mji ule ule na aliyelala Kiponda. Shangani ndiyo ile ya kwenye picha. Imechomoza baharini upande wa magharibi, kwa hiyo jua linazama mbele ya macho yako. Huko ndiko ziliko hoteli nyingi kubwa, na nyingi zina historia: Tembo iko kwenye jengo lililowahi kuwa ubalozi mdogo wa Marekani karne ya 19, Africa House ilikuwa klabu ya Waingereza, na Serena ilikuwa jengo la mawasiliano ya simu. Kama mmetoka kazini mmechoka, mnataka bahari, kitanda kikubwa na mtu wa kuwaletea juisi, msijivunge. Nendeni Shangani, lipeni. Mkishindwa kulala hapo, si dhambi kunywa soda moja Africa House jioni na kuangalia jua bure.

Ukiingia ndani kidogo unakuta Hurumzi na Kiponda, mimi moyo wangu uko huko. Vichochoro ni vyembamba, gari haliingii, begi lako linabebwa na hamali au unajitwika mwenyewe. Hurumzi ndiko aliko Emerson, hoteli iliyo ndani ya jumba la Tharia Topan, tajiri wa Kihindi aliyesimamia forodha ya Sultani. Ni yule yule aliyeweka jiwe la msingi la Zahanati ya Kale mwaka 1887. Bei zake si za mshahara wetu, lakini jirani zake zipo nyumba za familia zilizogeuzwa gesti, zenye milango ya kuchonga na kitanda cha Kizanzibari, tena kwa bei ya binadamu.

Malindi nisiionee. Ina soko la samaki, ina msikiti wenye mnara uliochongoka kama pia, na kwa mwenye boti ya alfajiri hakuna mtaa bora. Kosa letu la 2009 halikuwa Malindi yenyewe, ni kwenda huko kutafuta utulivu. Vuga na Mkunazini ni za katikati, karibu na Kanisa la Anglikana lililojengwa palipokuwa soko la watumwa na karibu na soko la Darajani. Na wenye mshiko mdogo kabisa, vukeni barabara mwende Ng'ambo, Kikwajuni au kando ya yale maghorofa ya Michenzani aliyoyajenga Mzee Karume. Utatembea kidogo kufika Forodhani, lakini utakula kwa bei ya wenyeji, na hakuna atakayekuita mgeni mara mbili.

Ukishapata mtaa, ndipo uulize ya chumba. Swali la kwanza: dirisha linaangalia wapi? Nyumba nyingi za zamani zimejengwa kuzunguka ua wa ndani, na vyumba vingine vinaangalia ua huo tu. Vinakuwa na ubaridi mzuri lakini bahari utaiona kwenye kalenda. Usishangae pia chumba kuwa chembamba na kirefu. Dari zilishikiliwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, mita tatu hivi. Kisha uliza ghorofa ya ngapi. Upepo uko juu, na lifti hakuna. Ngazi za Mji Mkongwe zimesimama kama za kuchumia nazi, kwa hiyo mwenye mimba au mwenye magoti mabovu achukue chumba cha chini, hata kama mwenzake analilia paa. Uliza kama kuna bei ya Mtanzania, maana mara nyingi ipo ila haiandikwi. Na mlio wachumba bado, baadhi ya nyumba ndogo zitawauliza kama mmeoana. Malizeni hilo kwa simu kabla hamjavuka, msije mkaanza kuangaliana mapokezini.

Mwezi nao una bei yake. Februari wakati wa Sauti za Busara vyumba vinagombaniwa, sikukuu za Idi vivyo hivyo. Masika ya Aprili na Mei bei zinashuka lakini mvua haikuulizi. Mwezi wa Ramadhani mji hulala mchana na kuamka magharibi, wengine tunaupenda hivyo hivyo.

Haya. Baba Junior alitaka Shangani, mimi nikataka Kiponda. Tukapatana usiku mmoja wa bahari, miwili ya vichochoro. Usiku wa bahari ulikuwa mzuri, sina la kuongeza. Kiponda ndiko kulikotokea jambo.

Mwenye nyumba alikuwa mama mtu mzima, tukimwita Bibi, naye anatuita wanangu. Jioni alikuwa anakaa barazani na majirani, muuza kahawa akipita anagongesha vikombe. "Mmetoka bara?" akaniuliza. "Dar, Ubungo." "Aa, kwenye mabasi!" Nikacheka, nikamwambia mabasi yamehama Bibi. "Yamehama? Basi nyie mmebaki na nini?" Hapo sikuwa na jibu.

Usiku tulipanda juu ya paa. Mabati yenye kutu pande zote, minara, taa za bandarini Malindi kule chini. Baba Junior akanyoosha kidole. "Ile gesti yetu ilikuwa upande ule." Nikamwambia sitaki hata kuiona. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Unajua sikuichagua kwa sababu ya boti."

Ndipo akanieleza. Wiki ile ya harusi kamati ilikuwa imebaki na deni la ukumbi, waliochanga kwa mdomo hawakutoa, na mwenye ukumbi alimfuata yeye. Alilipa kwa pesa ya hanimuni. Tulikuwa tumeweka chumba Shangani, akakifuta kwa simu, akatafuta cha rahisi kuliko vyote, akanijia na maneno ya boti na teksi. Miaka kumi na tano nilikuwa nikimwona mtu asiyejali ninapolala.

Sikujua nikasirike au nicheke. "Ungeniambia," nikamwambia, "tungelala kwetu Kibangu, tukala chipsi mayai, feni ikatupuliza." Akasema aliona aibu. Bwana harusi wa siku tatu anaanzaje kumwambia mkewe hana kitu?

Adhana ya alfajiri ilitukuta macho. Kiponda huhitaji saa ya simu.

Asubuhi tulimwaga pochi zote mbili kitandani, mimi yangu na yeye yake, tukahesabu mbele ya macho ya wote wawili. Tukatenga ya boti, tukatenga ya Bibi. Iliyobaki ilitosha urojo wa mchana na mishikaki ya Forodhani usiku. Soda ya Africa House haikutosha. Tukashuka ngazi, yeye mbele, ili nikiteleza nimwangukie.