Nauli ni Ahadi

Sura ya 27 ya Kitabu cha Matendo ya Mitume inasimulia safari ya Mtume Paulo kwenda Roma. Mara nyingi tunaisoma kama ushuhuda wa imani katika dhoruba, nayo ndiyo hivyo. Lakini leo tunawaalika vijana wa parokia zetu, wa Kiro, wa Xaveri, wa kwaya na wa jumuiya hai, waisome tena wakimtazama Paulo kama abiria.

Meli ilikuwa ya Aleksandria, imebeba ngano na watu 276. Majira ya kusafiri salama yalikuwa yamepita. Paulo alionya kwamba wakiendelea watapata hasara ya shehena, ya chombo na hata ya maisha. Lakini akida aliyekuwa na mamlaka akawasadiki zaidi nahodha na mwenye meli. Tusishangae. Nahodha alikuwa na ujuzi na mwenye meli alikuwa na mali. Paulo alikuwa mfungwa tu. Ila mwenye meli alikuwa na jambo jingine ambalo Paulo hakuwa nalo: faida ya ngano ile ikifika mapema. Mashauri ya mtu anayepata faida huonekana kama ujuzi, kumbe mara nyingine ni hamu tu iliyovaa joho la ujuzi.

Sisi watu wa Wamaza, wa Kasongo na Kabambare, hatuna bahari. Tuna Lualaba na vijito vyake, na jamaa zetu wengi wako Kivu na kando ya Ziwa Tanganyika. Hata hivyo kila mwaka tunapanda vyombo vya watu wengine na kuwakabidhi mambo mawili kwa pamoja: pesa yetu na uhai wetu. Mwenye duka akikuuzia sabuni mbovu, utarudi kesho kumlalamikia. Mwenye boti akikuuzia safari mbovu, huenda usirudi. Tena sabuni unaiona kabla ya kulipa, lakini safari unailipia kabla haijakuwapo. Nauli, basi, ni ahadi uliyonunua, na wahenga wetu walisema kwamba ahadi ni deni.

Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilizama katika Ziwa Kivu ilipokuwa ikikaribia bandari ya Kituku mjini Goma. Gavana wa Kivu Kusini alitangaza kwamba watu 278 walikuwamo, na kwamba wasiopungua 78 walikufa. Watu wa Goma waliokuwa pwani waliona kwa macho yao jinsi chombo kilivyoinama na kupinduka. Kwa nini wengi hivyo katika boti moja? Kwa sababu vita vilikuwa vimefunga barabara ya kutoka Minova kwenda Goma, na mama muuza ndizi au maharagwe hakuwa na njia nyingine ila ziwa. Hakuchagua hatari kwa ujinga. Alikuwa kama Paulo, abiria asiye na uwezo wa kukataa kusafiri.

Hapo ndipo dhambi huingia kimya kimya. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, inapoeleza amri ya saba, inataja pamoja na wizi udanganyifu katika biashara, na pia kupandisha bei kwa kutumia ujinga au dhiki ya mwingine. Anayepakia watu kupita kiasi kwa sababu anajua hawana njia nyingine, naye anaifanyia dhiki yao biashara. Hajashika kisu wala bunduki, lakini amechukua kisicho chake.

Wenzetu wa Tanzania waliyapata hayo kabla yetu. Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria karibu na Mwanza, na inakadiriwa kwamba zaidi ya watu 800 walikufa. Uwezo wake ulikuwa wa abiria 430 hivi. Hati ya abiria ilionyesha majina 443 ya daraja la kwanza na la pili. Abiria wa daraja la tatu, waliolipa kidogo, hawakuwa na hati kabisa. Tafakarini jambo hilo, vijana. Waliolipa kidogo hawakuandikwa. Walipozama, hakuna karatasi iliyoweza kusema ni nani na ni wangapi. Mwandishi wa Matendo, kinyume chake, anatuandikia hesabu kamili: watu 276, wafungwa wakiwa ndani ya hesabu. Na wote 276 wakafika nchi kavu ya Malta, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao. Kuandika jina la abiria si urasimu mtupu. Ni kukiri kwamba mtu huyo yupo, na kwamba kuna atakayemwulizia.

Tusidhani kwamba udhaifu huu ni wa Afrika peke yake, au wa boti za mbao peke yake. Tarehe 5 Julai 1841, Mwingereza Thomas Cook, Mbatisti aliyepigana na ulevi, aliwapeleka watu kama 500 kwa gari moshi kutoka Leicester hadi Loughborough, kwa shilingi moja kila mmoja, wahudhurie mkutano wa kupinga pombe. Kutokana na safari hiyo njema ilizaliwa kampuni ya likizo iliyojulikana duniani kote. Tarehe 23 Septemba 2019, baada ya miaka 178, kampuni hiyo ilianguka kwa uzito wa madeni yake. Siku mbili tatu kabla ya hapo, hoteli moja ya Hammamet, nchini Tunisia, ilifunga lango lake ili wageni wasiondoke, kwa kuogopa kwamba kampuni haitalipa. Wageni walikuwa wamekwisha kulipia likizo yao, lakini walishikwa kwa deni lisilokuwa lao. Mwanzo mtakatifu wa shirika haulilindi milele. Hata sisi tunaoanzisha vyama kwa sala tulikumbuke hilo.

Lakini kuna tofauti inayofaa kujifunza. Serikali ya Uingereza iliwarudisha nyumbani wasafiri wapatao 140,000 katika muda wa majuma mawili, na waliokuwa wamelipia safari za pamoja za ndege zilizokuwa bado hawakupoteza pesa zao. Iliwezekanaje? Kwa sababu katika miaka ya 1970 makampuni mengine ya likizo yalikuwa yameanguka na kuwaacha watu mikono mitupu, na kutokana na machozi hayo ikawekwa sheria na mfuko wa akiba. Kila msafiri wa safari ya namna hiyo huchangiwa pauni mbili na nusu katika mfuko, ili siku ya kuanguka kwa kampuni pasiwepo anayeachwa ugenini. Kiasi ni kidogo sana, bali kimewekwa kabla ya msiba.

Kuweka ulinzi kabla ya msiba ni fundisho la kale la Biblia. Kumbukumbu la Sheria, sura ya 22, inamwamuru ajengaye nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari yake, asije akaitia nyumba yake hatia ya damu kwa mtu atakayeanguka. Angalieni ni nani anayewajibishwa: mwenye nyumba, wala si mgeni aliyeteleza. Na anawajibishwa kabla mtu yeyote hajaanguka. Jaketi za kujiokoa, hesabu ya abiria, mfuko wa akiba, risiti yenye sahihi: vyote hivyo ni ukingo wa dari.

Katika parokia moja ya kwetu, vijana wa jumuiya kadhaa waliuza karanga, mchele na mafuta ya mawese kwa muda wa mwaka mzima, wapate nauli ya safari ya likizo ya kuliona Ziwa Tanganyika: gari hadi pwani, kisha boti. Walimlipa wakala wa safari, ambaye hatutamtaja. Siku zilipokaribia, simu ya mwenye wakala ikazimwa, na chumba kilichokuwa ofisi yake kikageuka duka la vocha. Aliyebaki mbele ya macho ya watu alikuwa karani wake, kijana wa kwetu, mwimbaji wa kwaya. Yeye ndiye aliyepokea pesa, yeye ndiye aliyeandika majina. Hasira ikamgeukia. Wapo waliotaka kuchukua mbuzi wa mama yake; na usiku mmoja yalisemwa maneno ya kuchoma nyumba.

Tuliketi pamoja, wazee, makatekista na vijana, na tukaomba daftari lake lisomwe kwa sauti mbele ya wote. Likasomwa jina kwa jina. Kila kiasi kilichopokelewa kilikuwa kimepelekwa kwa bwana wake, na sahihi ya bwana ilikuwapo pembeni. Mwishoni ikaonekana kwamba karani mwenyewe alikuwa hajalipwa mshahara wa miezi mitatu. Yule waliyemwona kuwa mwizi alikuwa mdai kama wao. Watu walinyamaza, kisha mmoja wa wakali zaidi akasimama akamwomba radhi mama yake. Pesa hazijarudi hadi leo. Mbuzi, hata hivyo, walibaki zizini, na kijana yule angali anaimba.

Tangu hapo tumelifikiri sana jambo moja ambalo vijana wengi hawafundishwi. Kampuni ni mtu wa kisheria. Ina jina, mali na madeni yake, mbali na mali ya wenye hisa. Kusudi lake si baya: bila mpango huo wachache wangethubutu kununua boti au gari la biashara. Lakini kampuni ikifa, madeni yake hulipwa kwa foleni. Nchi yetu ilijiunga na OHADA mwaka 2012, na kwa sheria zake mahakama humteua msimamizi wa kuuza mali ya kampuni iliyoshindwa kulipa. Gharama za mahakama, mishahara ya wafanyakazi na madeni yenye dhamana, kama ya benki, hutangulia. Mteja aliyelipa nauli bila dhamana yoyote yuko nyuma kabisa, ambako mara nyingi mkate umekwisha. Basi anayelipa yote mapema amemkopesha mwenye kampuni bila kujua kwamba amekopesha.

Na mara nyingine wenye chombo huondoka kwanza. Katika dhoruba ile ya Paulo, mabaharia walishusha mashua ndogo, wakijisingizia kwamba wanakwenda kutia nanga upande wa mbele. Kumbe walitaka kutoroka na kuwaacha abiria. Paulo aliwaona. Akamwambia akida, na askari wakazikata kamba za mashua. Abiria aliyepuuzwa mwanzoni, safari hii alisikilizwa, na kwa kusikilizwa kwake wote wakaokoka.

Tarehe 15 Machi 1962, John Kennedy, rais Mkatoliki wa Marekani, aliliambia bunge lake kwamba mnunuzi ana haki nne: usalama, kupewa habari, kuchagua, na kusikilizwa. Ndiyo sababu tarehe hiyo ni siku ya haki za wanunuzi duniani. Kenya imeziandika haki za mnunuzi katika kifungu cha 46 cha katiba yake ya mwaka 2010. Naye Papa Yohane Paulo II, katika waraka Centesimus Annus wa mwaka 1991, alitaka wanunuzi waelimishwe watumie vema uwezo wao wa kuchagua. Elimu hiyo haingoji serikali ikamilike. Inaweza kuanzia katika jumuiya hai yenye watu kumi na wawili na daftari moja.

Ndivyo walivyoanza vijana wale. Sasa pesa ya safari hukaa mikononi mwa watu watatu waliochaguliwa, sio mmoja. Nusu hulipwa siku ya kuondoka, nusu siku ya kufika. Risiti huandikwa jina la aliyelipa, kiasi, tarehe na jambo lililoahidiwa. Orodha ya wasafiri hubaki nakala moja kwa paroko. Na kabla ya kupanda boti, kiongozi mmoja huhesabu watu na jaketi. Zisipotosha, kundi hushuka, hata kama mwenye boti anakasirika na jua linakwenda. Wakishindwana na mfanyabiashara, hupeleka hati zao kwa Tume ya Haki na Amani na, ikibidi, mahakamani, bila kugusa mbuzi wa mtu.

Vijana wapenzi, baadhi yenu mtakuwa wenye boti, wenye magari, mawakala na makarani. Tunawaombea mfanikiwe. Siku mtakapopokea nauli ya kwanza, kumbukeni kwamba mmeshika mkononi karanga na mawese ya mwaka mzima wa mtu. Nanyi mtakaobaki abiria, msione haya kuuliza. Katika mkutano wenu ujao, someni sura ile ya 27 yote, kisha kila mmoja aseme: katika chombo ninachosafiria, ni nani asiyeandikwa? Ni nani anayeonya na hasikilizwi? Mkishajibu, amueni jambo moja la kufanya kabla ya safari yenu ijayo, mliandike daftarini na mtie sahihi.

Bwana wetu Yesu Kristu, aliyelala ndani ya chombo pamoja na wanafunzi wake na kuikemea dhoruba, awalinde wote wasafirio juu ya maji yetu, na awapokee katika pwani ya amani wale waliozama. Amina.