Matete ya Kambwe

Safari yenyewe haina mengi: siku mbili njiani kutoka Bagamoyo, usiku mmoja Mbeya, siku tatu Matema, kando ya Ziwa Nyasa, nikiwatazama Wakisi wakishusha vyungu kutoka mitumbwini. Ningerudi na hayo tu, kama mwenyeji wangu wa Kyela asingechelewa shambani, nikabaki na baba yake chini ya mwembe, kando ya mkeka wa kakao.

Mzee aliniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia Bagamoyo.

"Kumbe wewe ni mtu wa Mlozi," akasema, huku akigeuza kakao kwa kiganja.

Nilikasirika. Habari za Mlozi nilizisoma: mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyejenga boma Mpata, karibu na Karonga katika Malawi ya leo, akajiita Sultani wa Nkonde. Vita vyake vinaitwa Vita vya Waarabu. Nikamjibu mzee, na sauti yangu haikuwa na adabu ya kutosha, kwamba wale walikuwa Waarabu.

"Mwanangu, Mlozi na watu wake walikuwa wakisemezana kwa lugha gani?"

Nikanyamaza.

"Kwa hii tunayosema mimi na wewe."

Akanisimulia mambo ya Kambwe. Oktoba 1887, Wangonde, wenyeji wa Karonga, waliokimbia bunduki za Mlozi walijificha kwenye matete ya ziwa dogo la Kambwe, kaskazini ya Karonga. Rugaruga, wapiganaji wa Mlozi, wakayatia moto matete. Aliyetoka alipigwa risasi au kukamatwa, aliyerudi majini alikutana na mamba. Mama wa bibi yake mzee huyu alikuwa mtoto mdogo mwaka ule. Alivushwa mto Songwe mgongoni, akakulia huku kwa Wanyakyusa, ambao ni ndugu wa Wangonde kwa asili na kwa lugha.

"Alipokuwa mtu mzima hakuruhusu matete yachomwe shambani kwake. Mpaka leo sisi tunayakata kwa panga."

Yaliyofuata niliyajua, lakini pale mwembeni yalinijia kwa sura nyingine. Kampuni ya Waskoti iliyokuwa Karonga iliingia vitani. Lugard, yule aliyekuja kuitawala Nigeria, alijeruhiwa kwa risasi hapo mwaka 1888. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani wakaufanya mto Songwe kuwa mpaka, na ndugu wakagawanywa. Desemba 1895 Johnston, kamishna wa Waingereza, alilivunja boma la Mpata na Mlozi akanyongwa. Wangonde waliokolewa na mtu wa bunduki, wakakabidhiwa kwa mtu wa bendera. Hayo nayasema kwa uchungu, maana hakuna aliyewauliza wanataka nini.

Lakini uchungu huo usinisahaulishe langu. Jina lile, Vita vya Waarabu, limetusafisha sisi watu wa pwani kwa muda mrefu mno. Katika misafara ile walikuwemo Waswahili wengi, wenye majina kama yetu, walioacha wake Bagamoyo na kurudi na mali. Lugha ninayoipenda kuliko kitu chochote ilifika kwenye ziwa hili ikiwa mikononi mwa watu wenye bunduki, na mzee aliyerithi jeraha la Kambwe ndiye aliyenisimulia kwa lugha hiyohiyo, kwa upole, akiniita mwanangu.

Nilimwomba radhi kwa sauti niliyomjibia. Akasema, "Ndaga," yaani asante kwa Kinyakyusa, akanipa kiti kilichokuwa kivulini zaidi, maana jua lilikuwa limenifikia.

Jioni nilimpigia simu baba. Nikamuuliza babu yake alikuwa akifanya biashara gani bara.

"Pembe," akasema. "Alifika mbali sana yule."

"Zilibebwa na nani mpaka pwani, baba?"

Nilisikia redio yake ikisoma taarifa ya habari. Kisha akaniuliza kama nimeshanunua mchele wa Kyela, na kama ni ule wenye harufu.