Siku Moja Kando ya Mto Naili

Wazazi wengi wa Afrika Mashariki hupitia mjini Kairo. Wapo wanaokwenda kuwatazama vijana wao wanaosoma Al-Azhar, na wapo wanaolala huko usiku mmoja au miwili wakiwa njiani kwenda Umra au kurejea. Aghalabu siku hizo humalizikia katika maduka ya Khan el-Khalili na mbele ya mapiramidi, kisha msafiri huondoka bila kuukaribia mto ambao ndio sababu ya mji huo kuwapo. Tunapendekeza familia itenge siku moja ya kutembea ukingoni mwa Naili. Gharama yake ni ndogo, na watoto watarudi na jambo la kufikiri.

Safari ianzie asubuhi katika Kisiwa cha Roda, kwenye ncha yake ya kusini. Hapo kuna Mikyasi, yaani kipimo cha Naili, kilichojengwa mwaka 861 kwa amri ya Khalifa al-Mutawakkil wa Bani Abbasi. Ni kisima kirefu cha mawe, katikati yake imesimama nguzo ya marumaru yenye pande nane, iliyochongwa alama za dhiraa. Kutani zimeandikwa kwa khati ya Kikufi aya za Qur'ani zinazotaja maji na mvua. Zamani maji ya mto yaliingia kwa mifereji mitatu ya chini kwa chini, na msimamizi akasoma kina chake kwenye nguzo.

Hesabu ile haikuwa mchezo. Kila mwaka mvua za milima ya Uhabeshi ziliujaza mto. Maji yakifika dhiraa 16, mavuno yalitarajiwa kuwa mema na kodi ya ardhi ikatozwa. Yakipungua sana, watu walijiandaa kwa njaa. Yakizidi mno, mashamba na nyumba zilikuwa hatarini. Tangu Bwawa Kuu la Aswan likamilike mwaka 1970, mto haufuriki tena mjini Kairo, na mifereji ile imezibwa. Kwa hiyo leo mtoto anaweza kushuka ngazi akiwa ameshikwa mkono, akasimama mahali ambapo mababu wa Wamisri waliona maji tu.

Kutoka hapo, mwendo mfupi wa teksi unaifikisha familia kwenye Msikiti wa Amr ibn al-As, ambao asili yake ni mwaka 642, ingawa jengo la sasa limejengwa upya na kupanuliwa mara nyingi. Tuliswali Adhuhuri humo, na watoto wakapumzika katika ua wake mpana. Karibu yake kuna kituo cha treni cha Mar Girgis. Ukipanda treni ya kuelekea katikati ya mji, utashuka kituo cha Sadat, kwenye Uwanja wa Tahrir, hatua chache kutoka Daraja la Qasr al-Nil.

Wakati mzuri wa kufika darajani ni baada ya Alasiri, jua linapopoa. Daraja lililopo lilifunguliwa mwaka 1933, na simba wanne wa shaba wanaolilinda ni wa daraja la kale lililokuwa hapo kabla yake. Kutembea juu yake hakuna kiingilio. Hapo utaziona familia za Kimisri zimeegemea ukingo, baba amembeba mtoto, mama anagawa mahindi ya kuchoma. Wapo pia wauzaji wa chai na viazi vitamu vya kuoka. Upande wa ukingo wa mashariki, kuelekea kaskazini, kuna njia mpya ya matembezi iitwayo Mamsha Ahl Misr, yenye ngazi pana za kukalia zinazotazama maji. Baadhi ya sehemu zake hutozwa kiingilio, basi ni vyema kuuliza kabla ya kushuka. Anayetaka kuingia majini akodi faluka, chombo cha tanga, na bei ipatanwe kabla ya kupanda.

Mkiwa majini waambieni watoto habari moja: sehemu ya maji yale imetoka kwetu. Mto Kagera humwaga maji yake katika Ziwa Viktoria, na ziwa hilo hutoa Naili pale Jinja, Uganda. Sehemu kubwa zaidi huongezwa na Naili ya Buluu kutoka Uhabeshi, na mito hiyo miwili hukutana Khartoum.

Jambo lililotushughulisha sisi tuliotoka Dar es Salaam ni lile la kipimo. Nasi tuna mto, Msimbazi, unaokata mji na kumwaga maji yake baharini. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Hata baada ya hapo, barabara ya Jangwani imefungwa mara nyingi kwa sababu ya maji, na wapo waliorudi kujenga palepale, kwa kuwa kiwanja kilikuwa rahisi na mwaka ule ulikuwa mkavu. Watu wa Roda hawakuuamini mwaka mmoja. Waliandika cha mwaka huu kando ya cha mwaka jana, na kumbukumbu hizo zikaendelea kwa zaidi ya miaka elfu.

Mzazi atakayerejea na watoto wake kutoka Kairo, basi, awapeleke pia Jangwani siku ya kiangazi. Mafuriko huacha ukutani mstari wa tope ulionyooka, katika baadhi ya nyumba juu ya kimo cha mtoto. Mtoto asimame kando ya mstari kama huo, ajipime. Kisha aulizwe: kama kiwanja hiki kingekuwa chako, ungejenga?