Mdahalo Mmoja, Kawangware na Kabungu

Usiku wa tarehe 19 Julai 2022, Martha Karua na Rigathi Gachagua walisimama mbele ya kamera katika Chuo Kikuu Katoliki cha Afrika Mashariki, Nairobi, kila mmoja akiomba nafasi ya kuwa Naibu Rais wa Kenya. Niliutazama mdahalo ule siku yenyewe nikiwa na wakazi wa mtaa wa Kawangware, Nairobi, kwenye hoteli ya chai na chapati. Juni 2025 nikautazama tena katika banda umiza la Kabungu, wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, Tanzania. Kawangware walikuwa hawajui mwisho wake. Kabungu walikuwa wanaujua wote, na hilo liliwafanya watazame kwa macho mengine kabisa.

Nianze na Kawangware. Waliotangulia jukwaani jioni ile walikuwa Justina Wamae, mgombea mwenza wa George Wajackoyah, na Ruth Mutua wa chama cha Agano. Watu walijaa mapema kwa sababu ya Wajackoyah: ilani yake ya bangi na ufugaji wa nyoka ilikuwa gumzo la mji mzima, nao walitaka kicheko. Wamae akawanyima. Alijibu taratibu, swali kwa swali, kama mtu aliyekuja kuomba kazi na vyeti vyake mkononi. Kijana aliyekuwa ameshika kikombe juu tayari kwa mzaha alikishusha, akasikiliza. Nimekutana na wanasiasa wengi wenye vyama vikubwa ambao hawajawahi kuunyamazisha ukumbi namna ile.

Walipoingia wale wawili wakubwa, hoteli iligawanyika. Madereva wa bodaboda walikaa karibu na mlango, na kila Gachagua alipotaja biashara ndogo na mama mboga waligonga meza. Upande wa jikoni walikuwa wa Karua, mwanamke wa kwanza kuwa mgombea mwenza wa muungano mkubwa nchini humo, wakili na waziri wa zamani wa sheria. Yeye akitaja rushwa, jikoni walishangilia. Wengi walitarajia Gachagua angeteleza, lakini aliposhikilia hadi mwisho hata waliompinga walikubali kwamba amejikaza. Televisheni haijazimwa bado, swali lilikuwa moja tu: nani kashinda? Kila mtu alikuwa na jibu, na kila jibu lilifanana na kura ambayo mwenyewe alikuwa ameshaamua kuipiga wiki nyingi nyuma.

Kwenda Kabungu nilishukia Mpanda kwa treni ya Tabora. Tawi lile la reli kutoka Kaliua lilifunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi ya Mukwamba. Mgodi ulikwisha, reli ikabaki na abiria. Kutoka Mpanda nikapanda bodaboda. Kiangazi kilikuwa kimeshika, na mazungumzo ya njiani yote yalikuwa tumbaku: masoko, madaraja, fedha zitaingia lini.

Banda umiza lenyewe ni mabenchi ya mbao, televisheni moja na king'amuzi. Hapo hutazamwa Simba na Yanga, ligi ya Uingereza, na filamu zilizotafsiriwa, zile ambazo sauti ya msimulizi hupanda juu ya sauti za wazungu au Wahindi na kukueleza nani kamsaliti nani. Mwenye banda alikubali kuweka mdahalo kutoka kwenye flashi yangu kwa sharti moja: apatikane mtafsiri. Alikuwa na haki. Mdahalo ule ulikwenda kwa Kiingereza karibu wote, na mkulima wa Kabungu hana sababu ya kulipa kiingilio ili asikie asichokielewa. Akajitolea mwalimu wa shule ya jirani. Alishika rimoti na kipaza sauti, na kila baada ya majibu machache akasimamisha picha ili atafsiri.

Ni huko kusimamisha picha kulikobadilisha kila kitu. Kawangware maneno yalipita mbio, mtu akishangilia neno moja na kulikosa linalofuata. Kabungu kila jibu lilisimama. Katikati ya tafsiri watu waliuliza: Mwalimu, ameulizwa hilo au amejitungia? Mwalimu akarudisha nyuma. Mara nyingi ilionekana kwamba mgombea aliulizwa kitu kimoja akajibu kingine, na banda lote likaguna. Mdahalo wa saa moja na nusu ulichukua usiku mzima. Sijawahi kuona watazamaji wakifanya kazi kiasi kile.

Karua walimtambua mara moja. Mama muuza samaki aina ya migebuka aliyekuwa ametoka Karema alisimama akaisogelea televisheni: "Si ndiye huyu waliyemrudisha pale uwanja wa ndege?" Ndiye. Tarehe 18 Mei 2025 alikuwa amefika Dar es Salaam kufuatilia kesi ya uhaini ya kiongozi wa upinzani Tundu Lissu, akazuiwa na kurudishwa Nairobi. Banda likawa kimya kidogo. Kisha mzee mmoja akasema, "Mwalimu, rudisha mwanzo tumsikie vizuri." Sikusikia mtu akimsifu wala kumlaani. Walitaka kumsikia.

Kwa Gachagua ilikuwa tofauti. Walijua kwamba baada ya uchaguzi wa 9 Agosti 2022 yeye ndiye aliyeapishwa. Walijua pia kwamba Bunge la Taifa lilipiga kura ya kumwondoa tarehe 8 Oktoba 2024, Seneti ikamaliza kazi tarehe 17, na Kithure Kindiki akaapa kushika nafasi ile tarehe 1 Novemba. Basi kila Gachagua alipomtaja William Ruto, mgombea urais wake, kwa sifa, mabenchi yaliguna. "Hapo alishaanza kuonyesha dalili," alisema kijana mmoja, akinyooshea kidole uso uliosimama kwenye kioo. Hilo sikubaliani nalo. Ukishajua ndoa imevunjika, hata picha za harusi utazisoma vibaya. Usiku wa Julai 2022 hakuna aliyeziona dalili hizo, hata wapinzani wake pale jikoni Kawangware.

Lakini walikuwapo walioona nisichokiona mimi. Mkulima mmoja wa tumbaku, Msukuma aliyehamia huko na ng'ombe zake miaka mingi iliyopita, hakujali sana majibu. Alitazama pale tu waongozaji walipowakatisha wagombea. Nani ananyamaza, nani anaendelea kusema juu ya mwenzake, nani anarudi kwenye swali bila kukumbushwa. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwamba mteuzi wa tumbaku hapangi daraja kwa kutazama belo kwa nje. Lazima lifunguliwe, achomoe majani ya katikati. Kwake, kukatishwa ndiko kufunguliwa kwa belo. Nimesoma uchambuzi mwingi wa midahalo ya kisiasa, na sijapata kipimo bora kuliko hicho.

Kisha likaja jambo ambalo Kawangware lisingeweza kuzuka. Mwalimu aliuliza: kwetu je? Toka mwaka 1995 Tanzania ina mgombea mwenza. Jina lake linapigiwa kura pamoja na la Rais, na Rais akifariki, Katiba inampa Makamu kipindi kilichobaki. Makamu wa kwanza wa utaratibu huo, Dk. Omar Ali Juma, alifariki akiwa madarakani mwaka 2001. Na usiku wa 17 Machi 2021 Samia Suluhu Hassan alitokea kwenye televisheni kututangazia kifo cha Rais John Magufuli. Siku mbili baadaye akaapa kuwa Rais. Pale bandani watu walikumbuka walikuwa wapi usiku ule. Wakakubaliana pia kwamba ndipo walipomtazama kwa makini kwa mara ya kwanza, ingawa walikuwa wameshampigia kura mara mbili, 2015 na 2020, nyuma ya jina la mwingine.

Hilo ndilo linalonisumbua toka nirudi. Mtu anaweza kuwa Rais wetu kwa usiku mmoja, na kabla ya hapo tumemsikia majukwaani tu, juu ya gari, muziki ukipigwa. Hatujawahi kumwona akikaa na mwenzake wa chama kingine, akaulizwa, akakatishwa, akarudi kwenye swali. Mwaka 1995 wagombea urais wenyewe, Benjamin Mkapa, Augustine Mrema, Ibrahim Lipumba na John Cheyo, walikaa pamoja Dar es Salaam na kuulizwa, wakati televisheni za Bara ndiyo kwanza zimeanza na Kabungu hakuna ambaye angeweza kuona. Leo king'amuzi kipo, mdahalo ndio haupo. Na wetu ungekuwa kwa Kiswahili. Mwalimu asingehitaji rimoti.

Najua Kenya nayo haijakamilika. Mwaka 2017, katika mdahalo wa wagombea wenza, Muthiora Kariara alijibu maswali peke yake, wakubwa hawakufika. Wiki moja baada ya ule wa Karua na Gachagua, katika mdahalo wa wagombea urais Raila Odinga hakutokea, na Ruto akasimama peke yake. Najua vilevile kwamba mdahalo si lazima ugeuze kura. Marekani mwaka 1988, katika mdahalo wa wagombea wenza, Lloyd Bentsen alimwaibisha Dan Quayle mbele ya taifa zima, na mwezi uliofuata Quayle ndiye aliyechaguliwa. Lakini maneno ya Gachagua yapo kwenye flashi yangu, na miaka mitatu baadaye muuza migebuka wa Katavi anaweza kuyarudisha nyuma na kuuliza: ulisema hivi, mbona ikawa vile? Sisi wa Tanzania tunarudisha nini?

Saa zilikuwa zimekwenda, lakini mwalimu alitoa daftari akasema wataje maswali ambayo wangewauliza wagombea wenza wa Tanzania wa mwaka huo wa 2025. CCM ilikuwa imeshampitisha Emmanuel Nchimbi tangu Januari. Walitaja malipo ya tumbaku yanayochelewa. Walitaja umeme, maana kwa miaka mingi Mpanda iliendeshwa na majenereta ya dizeli, mbali na gridi ya taifa. Mmoja akauliza kuhusu fedha za hewa ukaa: vijiji vinane vya wilaya hiyohiyo, Mwese, Katuma na vingine, vinalipwa kwa kutunza misitu, wao wakitazama tu. Mwingine akataka kujua mipaka ya hifadhi. Mama wa migebuka aliwaacha wamalize.

"Mimi ningeuliza," akasema, "Rais wako akifa leo usiku, Mungu aepushe, kesho asubuhi unaanza na nini?"

Mwalimu alifungua ukurasa mpya, akaliandika hilo kuwa la kwanza.