Sikio la Kushoto

Mama yangu ana sikio moja. Si kwamba la pili halipo. Lipo, na hereni analivika, ila usaha uliliua yeye akiwa mtoto kule Kilwa. Kwa hiyo dunia nzima inamwingia kwa kushoto: taarabu, adhana, umbea wa majirani, na hadithi zangu. Maana msomaji wangu wa kwanza hasomi, anasikiliza. Nikivurunda ananikata: "Hapo umedanganya, mwanangu. Rudia."

Basi, ugonjwa nao ukachagua kushoto. Mwaka 2019 ulikuja kama jino. Anapiga mswaki, mara shoti! Sekunde chache, kimya, kisha tena. Magego mawili yaling'olewa bure, maumivu yakabaki palepale. Ikafika mahali upepo wa feni ukimgusa shavu anapiga yowe. Akaacha kutafuna, akaacha kucheka. Jirani akaninong'oneza habari za mganga. Sikumlaumu, ugonjwa usioonekana kila mtu huupa jina lake.

Jina lenyewe tulilipata baadaye. Ni neva ya tano ya kichwa, yenye matawi matatu: paji, shavu na taya. Mara nyingi mshipa wa damu huiegemea pale inapotoka kwenye shina la ubongo, na kila ukidunda unalichubua ganda lake, ikawa kama waya uliochunika. Vidonge vya karbamazepini vilimsaidia miaka miwili, halafu vikawa vinamlewesha kuliko kumtibu. Kikabaki kisu: tundu nyuma ya sikio, mshipa usogezwe, kipande cha Teflon kiwekwe katikati. Upasuaji huo Mmarekani Peter Jannetta ndiye aliyeuendeleza kuanzia miaka ya 1960.

Tukauza kiwanja, tukaenda Chennai, India, mwaka 2022.

Daktari hakutuficha. Neva ya nane, ya kusikia, iko jirani kabisa. Ikivutwa wakati wa kusogeza ubongo mdogo, usikivu unaweza kwenda.

Mama akanitazama. "Afadhali nisikie maumivu kuliko nisisikie kitu."

Ndipo akaja dada mmoja wa mashine, na mimi nikawa mkalimani. Mama atapigwa nusu kaputi, alisema, lakini neva haitalala. Kidude sikioni kitapiga tik-tik-tik, maelfu ya mara. Elektrodi kichwani zitanasa jibu la neva na shina la ubongo, na jibu hilo huchorwa kwa mawimbi. Wimbi la tano ndilo wanalolikodolea macho. Likichelewa kama milisekunde moja, au kimo chake kikishuka nusu, yeye anapaza sauti, na daktari analegeza mkono. Vijisindano vingine kando ya jicho na mdomo vinachunga neva ya saba, inayoendesha uso.

"Mashine haizuii ajali," akamaliza. "Inatushtua mapema."

Mama akafikiri. "Yaani nitakuwa nasikia bila kujua kwamba nasikia?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi kuna mtu atakuwa ananisikilizia. Twende."

Msomaji, sijui kama umewahi kukaa kwenye benchi saa nne nzima bila kujua mikono uiweke wapi. Nilitaka kuandika, kalamu ikagoma. Baadaye yule dada alinisimulia: katikati ya kazi wimbi la tano lilichelewa. Akasema. Daktari akalegeza kifaa, wakangoja, likarudi. Ni hayo tu. Lakini ndani ya hayo tu mlikuwa na sikio zima la mama yangu.

Shoti hazijarudi. Shavu lina ganzi kidogo mpaka leo, na chai anainywea upande wa pili.

Siku ile alipofumbua macho, kichwa kimefungwa bendeji, niliinama kushoto, nikanong'ona kwa woga: "Mama, nimeandika hadithi nzuri sana hapo nje."

Kimya. Moyo ukanidunda.

"Hapo umedanganya," akasema. "Rudia."